Mzee Aliyepona Kupita Kiasi

Haya nimesimuliwa na Nanuli mwenyewe, Alhamisi iliyopita mchana, kwenye mabenchi ya bustani iliyo mbele ya stesheni ya Bari, tunapokaa sisi tunaotunza wazee siku yetu ya mapumziko. Alinisimulia yote bila kuficha. La mwisho tu ndilo alilolisema kwa sauti ya chini, akitazama njiwa.

Kwa aliyekosa ya wiki jana, mambo yalifika hapa.

Nanuli alikuja kutoka Kutaisi, kwao Georgia, akagongewa muhuri wa mtalii. Utalii wake wote ameufanyia ndani ya nyumba ya Mzee Sabino, ghorofa ya tatu: kumwogesha, kumlisha, kumbadilishia mashuka. Muda wa utalii ulikwisha zamani. Akitoka nchini harudi, kwa hiyo hatoki, na mama yake anazeekea ndani ya simu.

Mimma, binti wa mzee, akamwombea kibali. Maombi hayo serikali huyapokea kwa kompyuta, asubuhi moja kwa mwaka, na nafasi huisha kabla kahawa haijapoa. Mimma alibonyeza, akapata. Sharti ni kwamba anayeombewa awe bado yuko kwao. Basi kwenye karatasi Nanuli yuko Kutaisi anasubiri kuitwa, na jikoni yupo anakaanga mbilingani.

Asiyejua kitu alikuwa mzee. Huyu alikuwa trafiki wa manispaa maisha yake yote, na aliwahi kumwandikia faini mke wake mwenyewe. Alipogundua kwamba mwanamke anayemsugua mgongo hana kibali, alitaka kupelekwa polisi akajiripoti. Ikashindikana, kwa sababu wa kumpeleka alikuwa Nanuli.

Haya, tuendelee.

Jumatatu Mimma aliingia jikoni na koti lake mwilini, hakukaa.

"Dada Nanuli, kesho asubuhi anakuja daktari wa serikali."

"Aje. Mzee yuko safi."

"Ndiyo shida yenyewe."

Nanuli akaacha kukoroga.

"Pensheni ya baba ni ndogo," Mimma alisema. "Mwenye pensheni kama ile haruhusiwi kuajiri mgeni, mpaka daktari athibitishe kwamba hajiwezi. Hajiwezi kabisa, dada. Sasa hebu mtazame."

Wakachungulia kwenye ujia. Mzee Sabino alikuwa anatembea na bakora yake, mgongo umenyooka, akiigombeza redio.

Nanuli alipofika nyumba ile, mtu huyu alikuwa gogo. Vidonda vya kulala mgongoni, kijiko hakishiki, midomo imekauka. Nanuli alimwinua kidogo kidogo. Alimkanda miguu kwa mafuta ya zeituni mpaka ikaanza kuhisi baridi ya sakafu. Kila siku saa kumi, mzee akiamka usingizi wa mchana, humtembeza ujia mzima, kwenda na kurudi. Sasa ananyoa ndevu mwenyewe, anakata mkate mwenyewe, na anazozana na taarifa ya habari.

"Umemponya mno," Mimma alisema, na hakuwa anatania.

"Ningefanyaje? Nimwache aoze ndiyo nipewe kibali?"

"Sijasema hivyo. Nazungumzia kesho tu."

Wakamwendea mzee wote wawili. Mimma akamweleza taratibu kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Alale kitandani. Asijibu kila anachoulizwa. Akiambiwa asimame, agunegune.

"Nilale?" mzee aliuliza. "Asubuhi? Mbele ya mtumishi wa serikali?"

"Saa moja tu, baba."

"Mimi nimekula kiapo, Mimma. Sijaandika uongo kwenye ripoti hata siku moja."

"Huandiki kitu. Unalala tu."

"Uongo wa kulala nao ni uongo." Akamgeukia Nanuli. "Wewe mama, uko hapa au uko Kutaisi?"

"Niko hapa, mzee."

"Umesikia? Hata mwenyewe anakiri."

Asubuhi yake aliamka kabla ya watu wote. Akanyoa. Akaomba tai. Halafu akaomba koti la sare lililotundikwa kabatini tangu alipostaafu, na aliyemfunga vifungo alikuwa Nanuli, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Nimependeza?" mzee aliuliza.

"Umependeza sana, mzee. Mungu anisamehe."

Kisha Nanuli akasukumwa nje, akavuka ngazi, akaingia nyumba ya pili kwa Mama Titina. Alitakiwa awe Kutaisi, na mahali pa karibu zaidi palipofanana na Kutaisi ndipo hapo.

Mama Titina na Mzee Sabino walikuwa hawasalimiani. Mzee aliwahi kumwandikia faini marehemu mume wa Titina, gari likiwa chini ya dirisha lao wenyewe, siku ya ubatizo wa binti yao. Padri alikuwa bado mezani.

"Njoo, mwanangu," Titina alimwambia, akimsogezea kiti dirishani. "Kaa tumtazame huyo kobe anavyokumaliza."

Majiko ya nyumba hizo mbili yanatazamana. Katikati kuna uwazi wa kuanikia nguo, basi, na mtu akikohoa upande huu, upande ule wanamwambia pole. Nanuli akakaa nyuma ya pazia. Sebule ya mzee imeungana na jiko, kwa hiyo alisikia yote.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Mzee Sabino, leo siku gani?"

"Jumanne. Na gari lako umelipaki vibaya, daktari. Tairi la nyuma limekanyaga mstari."

"Umelionaje?"

"Nimesimama dirishani, nimeliona."

"Umesimama mwenyewe?"

"Kwani nimebebwa?"

Titina akapiga ishara ya msalaba. "Kwisha kazi," alinong'ona.

"Unavaa mwenyewe?" daktari akaendelea.

"Unaniona nilivyo."

"Kula?"

"Kwa kisu na uma."

"Kuoga je?"

Bakora ikagonga sakafu mara mbili.

"Mzee?"

"Kuoga ni jambo la mtu na Mungu wake."

"Daktari, usimsikilize," Mimma alidakia, "baba hawezi hata..."

"Mimma, usiniingilie ninapoongea na afisa."

Nanuli kule nyuma ya pazia hakujua acheke au alie. Kila jibu la mzee lilikuwa kazi ya mikono yake. Ile sauti yenye nguvu ni supu yake. Ule mgongo ulionyooka ni mafuta yake. Na kila jibu lilikuwa linambebea begi kumpeleka uwanja wa ndege.

Daktari akafunga faili. Akasema anampongeza mzee kwa kujitunza vizuri. Akasema angefurahi kama wazee wote wangekuwa hivyo. Mimma alikuwa ameegemea ukuta.

Hapo mzee alipaswa kunyamaza. Lakini mtu wa Bari hamwachi mgeni atoke nyumbani kwake mdomo mkavu, hasa mgeni aliyekwisha kumsifu.

"Huondoki bila kahawa," alisema. "Kaa. Nakutengenezea mwenyewe."

Sasa, Mzee Sabino hajawahi kupika kahawa. Kwanza alipikiwa na mama yake, halafu marehemu mke wake, halafu Nanuli. Akaingia jikoni na bakora yake na sare yake, akashika birika la kahawa kama anayekagua leseni. Akalifungua. Akajaza unga wa kahawa mahali pa maji. Maji hakutia. Akaliweka jikoni, akafungua gesi mpaka mwisho, ndipo akaanza kutafuta kiberiti.

Akafungua kabati, akakuta sahani. Akafungua lingine, akakuta tambi. Gesi inafoka. Daktari amesimama mlangoni anamwangalia, na Mimma yuko nyuma yake, haoni kinachoendelea.

Nanuli akaanza kuisikia harufu huku ng'ambo.

Mzee akasimama katikati ya jiko. Akafanya anachofanya kutwa nzima, bila kufikiri.

"Nanuli," aliita, "kiberiti kiko wapi?"

Na Nanuli naye akafanya anachofanya kutwa nzima.

"Droo ya pili, mzee. Na funga gesi kwanza."

Limeshatoka. Titina akamvuta sketi, Nanuli akaangukia vikapu vya viazi, na Titina akatoa kichwa chake mwenyewe dirishani, nywele zikiwa bado zimefungwa vibanio.

Daktari alivuka jiko kwa hatua mbili, akafunga gesi, akafungua dirisha wazi.

"Nani amejibu?"

"Mimi hapa," alisema Titina.

"Wewe ndiye Nanuli?"

Titina angesema ndiyo, ila angeumbuka. Jina lake liko mlangoni kwake, kwenye kibao cha shaba.

Daktari akamgeukia Mimma. "Nanuli ni nani?"

"Ni yule tuliyemwombea kibali, daktari. Yuko Georgia."

"Na amesikia kutoka huko."

Daktari akavaa miwani yake. "Mzee Sabino," alisema, "wewe ni mtu wa sheria, nitaamini utakachoniambia wewe. Yule mama dirishani ni nani?"

Nanuli alikuwa sakafuni, shavu lake kwenye kiazi. Hakuwa na shaka juu ya jibu. Mtu aliyemtoza faini mkewe hawezi kumdanganya daktari wa serikali kwa ajili ya mgeni asiye na kibali. Akaanza kupanga nguo kichwani: gauni jeusi liende chini, viatu pembeni, zawadi ya mama juu.

Mzee alimtazama Titina. Alimtazama muda mrefu, huyu jirani aliyemjua tangu wote wana meno yao.

"Huyo ni Nanuli," akasema.

"Una hakika?"

"Anakaa kwangu. Ndiye anayeniogesha."

Titina alivuta pumzi kutoa tusi, Nanuli akambana mguu. Basi Titina akalimeza tusi, na lilipofika tumboni likageuka asali.

"Maskini ya Mungu," alimwambia daktari. "Akili zimemruka. Miaka yote hii tunaishi mlango kwa mlango, leo hanijui. Ndiyo maana namjibu tu akiita. Nisipomjibu atatuchoma moto sote."

"Leo siku gani, mzee?" daktari aliuliza.

"Jumapili."

"Ulisema Jumanne."

"Nilisema?" Mzee akakaa kitini, bakora ikamponyoka. "Mke wangu yuko kanisani. Akirudi atakupa kahawa."

"Na gari langu? Si ulisema nimelipaki vibaya?"

Nanuli anasema hata ng'ambo ya uwazi alimsikia mzee akimeza mate.

"Gari gani?" akasema.

Daktari akaandika akiwa amesimama. Aliandika sana. Alipomaliza akampa Mimma karatasi, na akiwa kizingitini akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia hali ya hewa: "Kwa mama yangu kiberiti kiko droo ya tatu. Mimi mtoto wake sipati kitu jikoni mle mpaka nimuulize mwanamke wa Moldova. Usiogope, dada. Nimeandika kwa nguvu, asije karani yeyote akakukatalia."

Akashuka. Wakamsikia chini akilitoa gari lake kwenye mstari.

Nanuli akarudi mbio. Akamshika mzee mkono aubusu, mzee akauvuta.

"Usinishike. Nimetoa ushahidi wa uongo nikiwa nimevaa sare."

Titina akamfuata nyuma na kipande cha mkate wa nyanya na zeituni kwenye karatasi. Alikuwa hajakanyaga kizingiti kile tangu siku ya ubatizo.

"Habari za leo, kichaa," alimwambia mzee.

"Nyamaza, Nanuli."

Wakacheka mpaka Mimma akashika ubavu. Hata mzee mdomo ulimcheza. Nanuli akapika tambi, wakala wote mezani, na Titina akamlalamikia Mungu ile faini ya mumewe kwa mara ya mwisho, akasema amesamehe nusu.

Titina alipoondoka, Mimma akavaa miwani asome alichoandika daktari. Alisoma kwa sauti, kwa furaha, kama anayesoma matokeo ya mtihani. Haogi. Hapiki. Ni hatari kwa nafsi yake na kwa jengo zima. Kisha sauti ikaanza kupungua mwendo.

"'Hana uwezo wa kuelewa wala kutia sahihi jambo lolote la kisheria.'"

"Vizuri," alisema Nanuli.

"Si vizuri, dada."

"Kwa nini?"

"Mwajiri wako ni baba. Kibali kinatoka kwa jina lake, mkataba unatiwa sahihi naye. Sasa imeandikwa hawezi kutia sahihi." Mimma akaivua miwani. "Ametusaidia mpaka ametuzika."

Akapiga simu kwa mwanasheria mmoja aliyesoma naye. Aliongea kidogo, akasikiliza sana. Aliporudi mezani hakukaa.

"Lazima hakimu aniteue mimi niwe msimamizi wa baba. Hapo nitatia sahihi kwa niaba yake. Inawezekana."

"Basi afadhali," alisema Nanuli.

"Ila hakimu hamteui mtu bila kumwona mzee kwa macho yake. Anakuja hapa, mwezi ujao. Anaongea naye wao wawili tu, mlango umefungwa."

Wakamgeukia mzee. Mzee alikuwa anapangusa mdomo kwa kitambaa, pembe hii na pembe ile.

"Daktari ni daktari," alisema. "Hakimu ni hakimu. Mbele ya hakimu mimi sitajitia hamnazo."

"Baba."

"Sitafanya, Mimma. Nimesimama mbele ya mahakimu ujana wangu wote. Nikiulizwa siku, nitataja siku. Nikiulizwa Nanuli ni nani, nitasema ni nani na yuko wapi."

"Ukisema hivyo cheti kinakufa, daktari anaumbuka, na Nanuli anarudishwa kwao. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Nani atakuogesha?"

Mzee alikunja kitambaa chake mara nne. Hakumtazama hata mmoja wao.

"Nimechoka," alisema. "Nanuli, nipeleke nikalale."

Ilikuwa saa ambayo Bari yote imeteremsha mapazia ya madirisha na hata maduka yanalala. Nanuli akamvua koti la sare, akamlaza, akamfunika miguu.

"Saa kumi uniamshe tutembee," mzee alisema, macho yameshafumba. "Leo nataka nitoke nje ya mlango. Nifike mpaka kwenye ngazi."

"Sawa, mzee."

"Hujanikasirikia?"

"Lala, mzee."

Akalala.

Jikoni, Mimma alikuwa anaosha vyombo, na hilo si kawaida yake. Alizungumza bila kugeuka.

"Dada Nanuli, si lazima baba adanganye."

"Kasema mwenyewe. Atasema kweli."

"Aseme. Mwache aseme kweli." Akafungua maji zaidi. "Hakimu yuko mwezi mzima mbele. Ulipokuja ulimkuta vipi?"

Nanuli akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani.

"Alikuwa gogo," Mimma alisema. "Kijiko hakishiki, jina langu halijui. Wewe ndiye uliyemtembeza mpaka akili zikamrudi. Sasa usimtembeze tu. Mwache kitandani apumzike. Hakimu atakapokuja, ataukuta ukweli mtupu, na hakuna atakayekuwa amesema uongo."

"Ni baba yako, Mimma."

"Ndiyo, ni baba yangu. Na ukiondoka wewe, atalala vilevile, na mimi niko kazini mpaka jioni. Ataoza peke yake. Wewe ukibaki na karatasi yako mkononi, utamwinua tena. Si uliweza mara ya kwanza?" Akafunga maji, akafuta mikono. "Sijakuambia umdhuru. Nimekuambia upumzike."

Akaenda sebuleni, akajinyoosha kwenye kochi na viatu vyake. Haikupita hata robo saa akaanza kukoroma.

Nanuli alisimama mlangoni kwa mzee. Miguu yake ilikuwa imetokeza nje ya shuka, ile miguu aliyoikanda mpaka ikajua sakafu ni nini. Akaifunika. Alimfikiria mama yake Kutaisi, ambaye naye kuna mtu anatakiwa kumtembeza, na hayupo.

Akaingia chumbani kwake, akakaa kwenye kitanda cha kukunja. Simu ilikuwa imewekwa ilie saa kumi, kama kila siku tangu mzee aweze kusimama.

Akaizima.

Akajiambia ni kwa leo tu, maana leo wote wamechoka. Akavua aproni, akageukia ukutani, akalala. Na anasema, Mungu amsamehe, hajawahi kulala vizuri vile tangu aje Italia.